Kipande Kisichotumika

Elinami aliweka kikombe cha chai mezani kwangu, akanikataza kukigusa.

"Ngoja," alisema. "Usinywe mpaka nikuambie."

Simpendi mtu anayenipangia saa ya kunywa chai. Lakini Elinami Mshana ndiye naibu wangu katika Chumba cha Kuunda, na asubuhi ile alikuwa na uso wa bwana harusi, nikamwacha afurahi. Akabonyeza. Kwenye skrini likatokea jina la mama mmoja wa Muheza, muuza vitambaa, aliyekuwa akingoja zamu yake tangu mvua za vuli. Mistari ikaanza kukimbia chini ya jina lake kwa kasi ambayo jicho langu lilishindwa kuifuata. Kisha ikasimama, na muhuri wa kijani ukawaka.

"Tayari. Sasa kunywa."

Nikanywa. Chai ikaniunguza ulimi.

"Umeona?" Elinami alicheka. "Msusi angekuwa bado anavaa viatu."

Alikuwa anasema kweli. Msusi, chombo chetu cha zamani cha kuunda programu, angemchukulia yule mama siku mbili na usiku wake. Kongosho la kupandikiza tunalowawekea wagonjwa wa kisukari lenyewe ni kitu kidogo, ganda lake la nyuzi za katani linaenea kwenye kiganja, na ganda halijawahi kumsumbua mtu. Kazi iko kwenye programu iliyomo ndani, inayoamua kongosho limwage dawa kiasi gani na saa ngapi. Mwili wa mtu haukai mahali pamoja. Unanenepa, unazeeka, unahamia Lushoto kwenye baridi, unaacha kazi ya kubeba mizigo unaanza kazi ya kukaa. Baada ya miaka michache programu haiujui tena mwili uliomo, na lazima iundwe upya kwa ajili ya mtu huyo na si mwingine. Msimbo wetu una maelfu ya vipande: kimoja kinajua usingizi, kingine homa, kingine kupanda ngazi. Chombo cha kuunda kinaviokota vipande hivyo, kinaangalia kipi kinategemea kipi, kinaviunga kwa mpangilio, kinavijaribu, kisha kinapiga muhuri. Msusi alikuwa anaanza mwanzo kila mara na kuokota kila kipande, hata kama jana yake alimuundia pacha wako.

"Na huyu Wepesi wako, chombo hiki kipya, anaruka nini?" niliuliza.

"Haruki, dada Mwantumu. Anasoma kumbukumbu za mwili wa mtu, anaona unatumia nini, anaunga hicho hicho. Msusi anambebesha mama wa Muheza mpaka kipande cha wapanda milima. Yule mama atapanda mlima gani?"

"Usambara uko mlangoni kwake."

"Atapanda kwa basi."

Nilicheka, maana alinipata. Akavuta kiti akakaa, na kicheko kikamtoka usoni.

"Wizara wanataka jibu Ijumaa. Chombo kimoja kwa kituo kizima. Wale wanne wa majaribio tuliowawekea Wepesi sukari zao zimetulia kama maji ya mtungini. Foleni yetu inaweza kuisha kabla ya Idi. Shemeji yangu alifariki amebakiza watu wachache tu mbele yake. Unajua."

"Najua."

"Najua unajua. Nakukumbusha tu. Na mzee wako yuko kwenye foleni hiyo hiyo."

Hilo hakuwa na haja ya kunikumbusha. Uamuzi ulikuwa wangu, sahihi ilikuwa yangu, na haukuwa uamuzi wa kujaribu halafu ukarudi nyuma. Kongosho likishapokea muhuri wa chombo kipya linaukataa wa kile cha zamani, ndivyo lilivyotengenezwa ili wahuni wasiliingilie. Mtu aliyepewa Wepesi hawezi kurudi kwa Msusi mpaka apasuliwe, awekewe kongosho jingine.

* * *

Siku zile zilikuwa za mwisho za Shaabani, na Tanga nzima ilikuwa inavunja jungu. Kila nyumba ilinukia biriani, watu wanakula kama wanaosafiri kwenda nchi isiyo na chakula. Kwetu tulikuwa wawili tu, mimi na baba, lakini baba alikuwa amepika chungu cha kulisha msafara.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nawa mikono. Usinisemeshe mambo ya ofisini mpaka upande wa kwanza wa sahani uishe."

Baba yangu, Mzee Singano, alifanya kazi miaka yote katika kiwanda kinachosuka maganda ya makongosho, hapa hapa Tanga. Uzeeni kisukari kikamfuata, akawekewa kongosho lake, na alikuwa akiwaambia wageni kwamba ganda lililomo tumboni mwake amelisuka mwenyewe. Haikuwa kweli, ila hakuna aliyembishia. Tangu Rajabu programu yake ilikuwa imechoka. Ilikuwa inamwaga dawa hovyo, mara nyingi mno, mara isimwage kabisa, mpaka daktari akaizima. Baba akarudia maisha ya zamani: kujitoboa kidole apime, kujichoma sindano, kusubiri, kula. Tumbo lake lilikuwa limejaa alama. Nilikuwa nazitazama anapoinua shati, halafu natazama pembeni.

Alijichoma, akafunika sindano, akaanza kula taratibu.

"Mwezi ukiandama nitafunga?" aliuliza, kama anayeulizia hali ya hewa.

"Kwa sindano hufungi, baba. Daktari alishasema."

"Sikuulizi kwa sindano. Nakuuliza kama mtakuwa mmenitengenezea kitu changu."

"Kuna chombo kipya. Kama tukikichagua, zamu yako ni wiki hii."

"Na msipokichagua?"

"Baada ya Idi. Pengine baadaye kidogo."

Alitafuna. Baba amefunga tangu akiwa mtoto wa madrasa. Mwaka aliofariki mama, alifunga. Mwaka aliolazwa kwa malaria alitoroka wodini akale daku, muuguzi akamrudisha kwa kumshika mkono. Sasa alikuwa ameshika mfupa wa kuku na ameuangalia sana, na mimi nilijua haoni mfupa.

"Chombo gani hicho, kizuri?" alisema hatimaye.

"Kinaonekana kizuri."

"Basi mbona uso umeukunja? Kula, mwanangu. Huyu kuku hakufa ili umkunjie uso."

* * *

Kesho yake Mwalimu Hidaya aliletwa kituoni na mwenzake wa shule. Alikuwa mmoja wa wale wanne wa majaribio, mwanamke wa makamo, mpole, aliyejitolea kwa sababu alichoka kungoja. Jana yake alianguka katika ofisi ya walimu. Wenzake walimnywesha soda ya machungwa kwa kijiko mpaka akafumbua macho.

Elinami alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha, akachukua kumbukumbu za kongosho lake.

"Sukari ilishuka sana adhuhuri, mwalimu. Ulichelewa kula?"

"Ndiyo," Mwalimu Hidaya alisema.

"Kwa muda gani?"

"Kidogo."

"Ulikuwa na kazi nyingi?"

"Kidogo."

Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Elinami ni Mpare, Msabato, mtu mwema, na macho yake yalikuwa kwenye skrini. Mimi nilikuwa nayatazama yale macho ya mwalimu yaliyoinama, nikakumbuka tuko tarehe za ngapi za Shaabani.

"Elinami, hebu mletee mwalimu maji."

"Maji haya hapa."

"Ya baridi."

Akaniangalia, akaelewa kwamba kuna kitu hajaelewa, akatoka.

"Mwalimu," nilisema, "ulikuwa unalipa?"

Mabega yakamshuka. "Zilibaki mbili. Kila mwaka nasema mwaka huu nalipa mapema, najikuta Shaabani inaisha na deni liko pale pale."

"Nani asiyefanya hivyo? Mimi nimemaliza juzi."

Tulicheka kidogo, kicheko cha wanawake wenye kadha. Siku tunazokosa kufunga kwa sababu ya hedhi tunazilipa kimya kimya, na wengi wetu tunasubiri mpaka mlango unakaribia kufungwa.

"Sasa yule kaka nimwambie nini? Nikisema nimefunga, ataniuliza nafunga nini na mwezi haujaandama. Nikisema nalipa, ataniuliza nalipa za nini." Akavuta mtandio. "Lakini dada, kongosho langu na programu ya zamani lilikuwa linajua. Nikila daku, asubuhi nisipokunywa chai, linatulia lenyewe mpaka magharibi. Miaka yote nimefunga nalo, sikuwahi hata kizunguzungu. Kwa hii mpya halikutulia."

Nilizitazama kumbukumbu zake. Mwalimu Hidaya anakula chakula cha mchana kengele ya shule inapolia, kila siku ya Mungu, na Wepesi alikuwa amejifunza hilo vizuri kabisa. Dakika chache kabla ya kengele, kongosho likamwaga dawa kwa ajili ya wali ambao haukuja.

"Kama wasingekuwepo ofisini?" niliuliza, nikajuta kuuliza.

"Walikuwa wanatoka. Mmoja alirudi kuchukua chaki." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ramadhani hii nitafunga?"

Swali lile lile la baba. Nilimwambia nitamjibu.

* * *

Elinami aliporudi na maji na mwalimu alipokwenda kwa daktari, nilimwambia kwamba mwalimu alikuwa amefunga. Sikumwambia kwa nini, na namshukuru hakuuliza. Alikaa, akamwamuru Wepesi atoe maelezo ya programu ya mwalimu. Jibu likatoka bila hata kusita: *Kipande cha mfungo. Hakijatumika ndani ya miezi sita. Kimeachwa.*

Elinami alifunika mdomo kwa kiganja.

Mimi nilikasirika, na hasira ilipokosa pa kwenda ikanirudia. Wepesi hakuwa na kosa. Alifanya alichosema atafanya. Sisi je? Kituo kiko Tanga, adhana inaingia dirishani kutoka kila upande, mimi mwenyewe nafunga, nusu ya chumba inafunga, na majaribio yote tumeyafanya katika miezi ya kula! Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumjaribu Wepesi kwa mtu mwenye njaa ya makusudi. Tunaujua mfungo kiasi kwamba hatukuuona.

"Tunaongeza," Elinami alisema. Vidole vyake vilishaanza kazi. "Namwamuru, kipande cha mfungo kisiachwe, kwa mtu yeyote, kimetumika au hakijatumika. Haya. Ameunda. Majaribio yote yamepita. Dada, tatizo limekwisha."

Lilikuwa limekwisha kweli, hilo moja. Nikasema, "Nionyeshe vyote alivyoviacha kwa mwalimu."

Orodha ikafunguka, na ikaendelea kufunguka. Tukaanza kuisoma, yeye kwa haraka, mimi kwa ubishi.

"Kuharisha kwa siku nyingi," nilisoma.

"Naongeza."

"Msiba."

"Msiba una kipande chake?"

"Watu hawali msibani, Elinami. Halafu wanakula wali wa jioni mara moja, sahani iliyojaa."

"Naongeza."

"Kukesha. Kusafiri kwa meli. Kunyonyesha. Kuvuna."

"Kuvuna?"

"Wanaondoka alfajiri, wanarudi jua limezama, wanakula muhogo mbichi shambani. Aliyeandika alikuwa mtu wa shamba."

"Naongeza, naongeza." Jasho lilikuwa linamtoka. "Na hiki?"

Kipande hicho hakikuwa na jina la maana, namba tu. Tulikisoma mara mbili. Kilikuwa kinaangalia kama uzito wa mtu unashuka polepole kwa wiki nyingi, na kama sukari inashuka pamoja nao, kisha kilikuwa kinabadilisha hesabu nzima ya dawa kwa namna ambayo hakuna kati yetu aliyeielewa. Juu yake, mtu fulani ambaye huenda ameshakufa aliandika neno moja: *Usiondoe.*

"Njaa," nilisema. "Huyu aliona njaa. Labda ile ya Handeni ya ukame mrefu."

"Au ni takataka. Watu wanaandika 'usiondoe' kwenye kila kitu. Mimi mwenyewe nimeandika."

"Labda ni takataka."

"Kwa hiyo nakiongeza au sikiongezi?"

Nilikuwa nimeshaona mahali tunapokwenda. Tulikuwa tunaongeza tunachokikumbuka na tunachokielewa, na mwalimu aliangushwa na kitu tulichokijua wote. Vipi kile ambacho hakuna aliyebaki wa kukijua?

"Mwambie asiache kitu," nilisema. "Chochote. Tuone."

Elinami alimwamuru. Akajimiminia chai, nadhani kwa mazoea, akaiweka karibu na skrini. Mistari ikaanza kukimbia, kisha ikatembea, kisha ikawa inajikokota. Chai ikaacha kutoa mvuke. Ikajifunga utando wa maziwa juu. Adhana ya alasiri ikaita, nikaenda kuswali, nikarudi, na mstari wa kazi ulikuwa haujafika hata robo. Elinami alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mkono, anautazama.

"Anakwenda kama Msusi," alisema.

"Ndiyo."

"Yaani ile kasi yote..."

"Ilikuwa ni kuacha."

Aliizima skrini mwenyewe.

Nilidhani amekubali, na nilikosea. Elinami hakubali jambo kwa sababu limemuumiza. Alizunguka chumba, akasimama mbele yangu, na aliposema sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bado nasema Wepesi. Sikiliza kwanza. Tunamwongezea vyote tunavyovijua. Labda vitabaki vichache tusivyovijua. Vitamdhuru nani? Mtu mmoja, miaka ijayo, kwenye njaa ambayo huenda isije. Wale wa foleni ninawajua kwa majina. Nawapa sindano kwa mikono hii. Wangapi hawataiona Idi? Unawatoa hao walioko kwa ajili ya watu wa kuwaza tu."

"Ni kweli."

"Basi nijibu."

"Elinami, shemeji yako alikufa na mimi nilikuwa kazini. Ninachojua ni hiki: mtu akifa kwenye foleni tunajua amekufa kwa nini, na tunaweza kuipigania foleni. Mwalimu angekufa jana, tungeandika alichelewa kula. Tungeendelea kuwapa wengine kitu kile kile, tena kwa furaha."

Kisha akasema neno ambalo mpaka leo linanikwaruza, kwa sababu alilisema kwa upendo.

"Basi angalau mzee. Hujasaini bado. Muhuri wa majaribio uko wazi mpaka Ijumaa. Mfungo tumeshauongeza, tumeujaribu. Yuko chini sasa hivi, amekuja kuchukua sindano. Mshukie, muulize. Jioni hii awe nalo, keshokutwa mwezi ukiandama, anafunga."

* * *

Nilishuka ngazi mpaka kwenye kioo cha ukumbi wa kungojea, nikasimama.

Baba alikuwa kwenye benchi la mbele, kofia yake ya vito imenyooka, mfuko wa sindano mapajani. Alikuwa anamsimulia jirani yake habari za ganda alilolisuka mwenyewe, maana niliona mikono yake inasuka hewani. Jirani alikuwa anacheka. Nyuma yao mabenchi yamejaa, watu wamekaa na mifuko ile ile. Yule mama wa Muheza alikuwepo, anasinzia. Programu yake ilikuwa tayari, imepigwa muhuri wa kijani, iko juu ghorofani, na yeye hajui.

Nilimtaka baba afunge. Nataka jambo hilo lieleweke, kwa sababu watu wanaofanya kazi kama yangu hudhaniwa wana mawe kifuani. Niliona daku yetu, mimi na yeye, uji wa pilipili manga, redio chini chini. Niliona atakavyonung'unika futari imechelewa. Nilihitaji kusukuma mlango tu na kuuliza.

Na nilijua atakavyojibu. Mtu aliyechoka sindano, ukimuuliza kama anataka kuachana nazo, humuulizi kitu. Unampa tu nafasi ya kukwambia amechoka. Tena ningemuuliza nini hasa? Ningemwambia kuna vipande vimeachwa, sijui ni vipi, sijui utavihitaji lini, unakubali? Hata mimi sikuweza kuyasoma yote yaliyokuwemo. Nikimwekea yeye kitu ambacho kesho nitawanyima wengine kwa kusema ni hatari, basi ama nimemdanganya yeye, ama nimewadanganya wao.

Baba aligeuza uso kuelekea kwenye kioo. Nikarudi nyuma hatua moja, nikapanda kwa ngazi za nyuma, za wafagiaji.

Nikasaini Msusi.

Elinami aliisoma karatasi, akaikunja, akaniambia, "Haya." Hakunisemesha tena siku ile. Ila alipotoka nyumbani kwake kesho yake alikuja na mpango wa kumgawa Msusi, ili aunde programu za watu wawili kwa pamoja bila kuruka kitu. Anaufanyia kazi mpaka leo, na foleni imeanza kusogea kidogo. Programu ya mama wa Muheza iliyoundwa na Wepesi niliifuta mimi mwenyewe. Nilidhani hiyo ndiyo sehemu ngumu.

* * *

Siku ya kwanza ya Ramadhani nilirudi nyumbani adhuhuri. Nilijua baba, nikimwacha peke yake, atajisahaulisha kula.

Nilimkuta mezani. Wali upo, samaki yupo, kisamvu kipo, na mkono wake uko mapajani. Nikaenda kufunga dirisha la barabarani, harufu isitoke.

"Fungua," alisema. "Sijaiba."

Nikafungua. Akajitoboa kidole, akapima, akainua shati, akajichoma mahali palipobaki pazima. Nilijilazimisha kutazama. Mtaa ulikuwa kimya, ule ukimya wa mchana wa mfungo ambapo hata mafundi magari wanagonga polepole. Nilikuwa na njaa na kiu, na niliona aibu kuwa nazo mbele yake.

"Yule kijana wako Mpare alikuja juzi kuniletea sindano," baba alisema. "Kijana mzuri. Nilimuuliza habari za kile chombo kipya. Hajui kusema uongo."

Nilishika ukingo wa meza.

"Alisema nafasi ilikuwepo. Alisema nilikuwa nimekaa pale pale chini."

"Ndiyo, baba."

"Ungeniuliza, ningekubali kabla hujamaliza kusema."

"Najua."

"Ndiyo maana hukuniuliza."

"Ndiyo."

Alinitazama usoni. Sikuweza kusoma kama ni hasira. Nadhani ilikuwemo, na nadhani haijatoka yote mpaka leo. Kisha akamega wali, akautia mdomoni, adhuhuri ya Ramadhani, dirisha wazi, akatafuna huku machozi yanamshuka bila kuyafuta. Mimi nikalia pia, nikamwekea samaki kwenye sahani, nikimchambulia miba kama alivyokuwa akinifanyia.

Alipofika nusu ya sahani akauliza, "Na yule mwalimu aliyeanguka? Yeye anafunga?"

"Hafungi. Daktari amewakataza wote wanne mpaka wapasuliwe wawekewe mengine. Hakuna anayejua ndani mwao kumekosekana nini."

"Anaishi na nani?"

"Peke yake. Watoto wameshaoa na kuolewa."

"Na yeye mlimwekea bila kumuuliza?"

Niliuweka mwiba wa samaki ukingoni mwa sahani.

"Tulimuuliza, baba. Mimi ndiye niliyemuuliza. Alikubali kabla sijamaliza kusema."

Baba alisimamisha mkono wake hewani. Halafu akausogeza mbele yangu ule upande wa sahani aliokuwa hajaugusa.

"Mpakulie," alisema. "Na kisamvu. Asile peke yake mchana huu."

Nikapakua, nikafunika kwa kawa, nikavaa baibui. Nilitoka na sahani mkononi, jua la utosi, mdomo umenikauka, nikapita barabara nzima mbele ya watu waliofunga. Walinitazama, na sikumweleza mtu.